Kidari cha Elgi

Chumbani kwetu Jakobsberg kuna kabati la chuma lenye bunduki mbili, na zote mbili ni zangu. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kuendesha treni, huwaambia wageni kwamba hakuna mwanamume wa Kitanzania anayelala kwa adabu kama yeye Stockholm nzima. Watu hucheka, halafu wananigeukia mimi kuangalia kama kweli ni utani. Huwa nawaacha wahangaike kidogo.

Kazi yangu ni kupeleka watu kuwinda. Nina kampuni ndogo ambayo ofisi yake ni meza yetu ya kulia, na ghala lake ni friza iliyoko chini ya jengo, karibu na baiskeli za majirani. Wateja wengi nawapata Kista, kwenye maofisi ya kompyuta: Wahindi, Wajerumani, Waswidi wenyewe waliokulia mjini, watu ambao wiki nzima mti pekee wanaouona ni ule wa plastiki pale mapokezi. Nawafundisha kulenga shabaha, nawakagua vibali, nawapakia kwenye basi dogo, tunakwenda kaskazini mwendo wa kutwa nzima. Huko tunamfuata elgi. Waswidi humwita älg, sisi Waswahili wa hapa tumezoea kusema elgi. Ni mnyama mrefu kuliko ng'ombe, ana miguu kama ya kuazima, pua imening'inia, na dume lina pembe pana kama makoleo. Ukimwona mara ya kwanza unajiuliza ni nani alimtengeneza na alikuwa na haraka gani.

Kwenye sherehe zetu kule Sundbyberg, ndugu zangu wa Afrika Mashariki hawajaacha kunisimanga. "Dada, umeacha nyati na tembo, umekuja kuwinda Ulaya? Kwani kwenu wameisha?" Hao ni Wakenya. Jirani yangu Mkongo, mama mmoja mwenye sauti ya kuamsha jengo, husema: "Maman, ile nyama iko muzuri sana, lakini wewe unanitishaka!" Halafu anafungua mfuko wake wa plastiki niutilie kilo yake. Sijawahi kuona mtu aliyeogopa akasahau mfuko.

Nilikuja nchi hii zamani kujifunza mambo ya misitu, nikapelekwa kaskazini kupima miti. Wapima miti wenzangu wote walikuwa wawindaji. Ikifika Septemba hakuna anayezungumzia miti tena, kila mtu na mbwa wake na bunduki yake. Nikasema, kama huwezi kuwashinda, kaa nao. Nikafanya mtihani wa wawindaji, nikafaulu, nikapewa mahali pa kukaa msituni asubuhi moja yenye umande, peke yangu, na chupa ya chai. Jamani, kimya kile! Tangu nizaliwe sikuwahi kukaa mahali ambapo hakuna mtu ananiita. Nikajua hii ndiyo kazi.

Sasa, uwindaji si bunduki tu, ni ardhi. Mimi sina hata shamba la ukubwa wa bilauri. Msitu ninaowapeleka wageni ni wa watu wa kijiji kimoja, wamerithi kwa pamoja, na wana timu yao ya uwindaji. Kila mwaka, msimu unapokwisha, timu hukaa na kuamua kama mwakani niruhusiwe tena kuleta wageni wangu. Lazima wakubali wote. Mmoja akikataa, basi, sina msitu, na bila msitu mimi ni mwanamke mwenye bunduki mbili Jakobsberg.

Kiongozi wao ni mzee mmoja mwenye mikono mikubwa, asiyependa maneno. Watu wa huko wana tabia moja niliyochelewa kuizoea: wakikubali jambo hawasemi "ndiyo". Wanavuta pumzi ndani ghafla, fyu, kama mtu aliyeunguzwa na chai. Basi. Ukisikia hiyo, mkataba umeshapita. Mwaka ule ninaousimulia nilikuwa namwomba Mungu niisikie, maana mambo hayakuwa mazuri. Mgeni wangu mmoja msimu uliotangulia alipiga risasi mti wa watu ukapasuka, mwingine akazama kwenye tope hadi kiunoni ikabidi avutwe na trekta. Kwenye timu kulikuwa na jamaa mmoja wa makamo, mnung'unikaji, aliyesema waziwazi kwamba watu wa Stockholm wakae Stockholm. Nilipomuuliza kiongozi atapiga kura gani, akasema, "Tutaona." Na "tutaona" ya mtu wa kaskazini haina pumzi ndani yake.

Mwaka huohuo baba akaja kututembelea.

Baba yangu ni mzee wa Rombo, na kwenye ukoo wetu yeye ndiye mshika kisu. Pakichinjwa, iwe arusi iwe msiba, hakuna anayegusa nyama mpaka baba afike. Kila kiungo kina mwenyewe, na baba anawajua wenyewe wote. Huyu ni mkwe, apewe mbavu. Huyu ni mjomba, apewe mguu. Huyu juzi kamtukana kaka yake, apewe shingo akatafune hadi hasira zimwishe. Kidari, nyama ile ya kifuani, ni cha mkuu wa shughuli. Nimeshuhudia watu wazima wakinyimana salamu kwa ajili ya kidari. Mwanamke kwetu kidari hukipika, hapewi.

Kwenye simu, kila mara alikuwa akiniuliza, "Bado unacheza na Wazungu porini?" Hakuwahi kuiita kazi. Nilitaka aone kwa macho yake. Kwa hiyo Septemba ilipofika nikamvalisha koti la mume wangu na kofia ya rangi ya chungwa, ile tunayovaa msituni ili mtu asikuone akadhani wewe ni elgi. Akajiangalia kwenye kioo cha mlangoni. "Nimekuwa koni ya barabarani," akasema. Lakini ile kofia hakuivua tena mpaka siku ya kurudi Tanzania, na kanisani alikwenda nayo.

Asubuhi ya kwanza nilimpandisha kwenye kibanda cha mbao kilichoinuliwa, pembeni ya uwazi wa miti, pamoja na mgeni wangu, injinia wa Kista ambaye buti zake zilikuwa mpya kiasi cha kulia kila akikunja kidole. Nikawaambia wote wawili: hapa hatusemi, hatukohoi, hatujikuni. Mbwa yuko mbali huko, anamtafuta mnyama. Akimtimua, mnyama anaweza kupita hapa au asipite. Baba akanyamaza. Mimi nilidhani atasinzia. Badala yake alikaa wima saa nzima, macho kwenye miti, mikono magotini, kama yuko kwenye baraza la usuluhishi.

Elgi alitoka taratibu, dume, akasimama. Nilimgusa injinia begani. Alisubiri nilivyomfundisha, mpaka mnyama alipogeuka ubavu, akapiga mara moja. Dume lile lilitembea hatua chache, likalala kwenye majani. Injinia akaanza kulia machozi, jambo ambalo hutokea sana, na nikampa chai. Baba alivua kofia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na wewe ndiye uliyemfundisha huyu?" Nikasema ndiyo. "Hm," akasema. Ile "hm" niliibeba kifuani siku nzima, acha kabisa, nilikuwa natabasamu hata nikiongea na timu kwenye redio ya mkononi.

Kiongozi wa timu alikuja na trekta. Baba alimsalimia kwa kumshika mkono kwa mikono yote miwili. Nikamwambia mzee yule kwamba baba yangu kwao ndiye mgawa nyama wa ukoo. Kiongozi akavuta pumzi, fyu. Baba akaninong'oneza, "Huyu mzee ana pumu?"

Nyama ya elgi haigawanywi siku hiyohiyo. Inatundikwa kwenye banda la baridi ilainike, na siku ya mwisho ya juma timu nzima hukutana kuikata. Hapo ndipo desturi yao inapoanza. Wanakata kila kitu, wanapanga mafungu chini juu ya plastiki nyeupe, fungu moja kwa kila mtu, na kila fungu linachanganywa: kipande kizuri, kipande kibaya, mfupa, mafuta, wanapima mpaka yalingane. Halafu kiongozi anageukia ukuta. Mtu mwingine ananyoosha kidole kwenye fungu lolote na kuuliza, "La nani hili?" Kiongozi, bila kuona, anataja jina. Hivyo mpaka mafungu yaishe. Hakuna mkubwa wala mdogo. Zamani walikuwa na kiongozi mwingine, ambaye fungu lake kila mwaka lilikuwa na sarara, ile nyama laini kuliko zote. Ndugu wakagombana, mabinamu wakaacha kusemeshana, timu ikakaribia kuvunjika. Tangu hapo ni mgongo kwa nyama, na kura.

Haya yote niliyajua. Nilikuwa nawasimulia wageni kila mwaka. Baba sikumsimulia, kwa sababu baba nilimleta atazame, hakuja kugawa.

Siku ile nilikuwa jikoni kwenye nyumba ya wageni, nakoroga supu. Baba akaja, akasimama mlangoni, akaanza kuuliza habari za watu. Yule mwanamke mwenye nywele nyeupe ana umri gani? Ndiye mkubwa kuliko wote? Na anayekimbia na mbwa ni mtoto wa nani? Na yule anayenuna? Nikamjibu yote, nikifurahi kwamba mzee anapenda watu. Nilidhani anapiga soga.

Saa ya kahawa ikafika. Mswidi anaweza kuacha nyumba ikiungua, lakini saa ya kahawa haachi. Mafungu yalikuwa tayari chini. Kwa heshima kabisa, kiongozi akamwonyesha baba kwa ishara: tafadhali, mlinde nyama, mbwa asiingie. Wakampa koti jeupe la bandani. Sasa wewe fikiria. Mshika kisu wa Rombo, amevaa koti jeupe, ameachwa peke yake na elgi mzima aliyekatwa ovyo, sarara imelazwa juu ya kongoro, kidari kimekatwa vipande kama karanga za kupimia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku hiyo mwenyeji nusura azikwe.

Tuliporudi, mafungu yalikuwa yamepangwa upya. Baba alikuwa amesimama katikati, anafuta kisu, ana uso wa mtu aliyewatendea wema wasiojiweza. Akaniambia, "Watafsirie." Na kabla sijafungua mdomo akaanza kuonyesha. Maini, ya anayekimbia na mbwa, maana anapoteza damu kwa jasho. Sarara, ya mama mwenye nywele nyeupe, maana ndiye mkubwa. Paja, la mgeni aliyepiga. Na vipande vyote vya kidari, alivyovikusanya kutoka kila fungu kimoja kimoja, vilikuwa vimepangwa vizuri mbele ya miguu ya kiongozi.

Watu walisimama mlangoni, vikombe vya kahawa mikononi.

Mnung'unikaji alitazama fungu lake. Akaniuliza mimi, "Kwa nini mimi nimepewa shingo?"

Baba akataka kujua kasema nini. Nikamwambia. "Mwambie yeye bado kijana," akasema baba, "meno anayo."

Sikutafsiri. Nilimtazama kiongozi. Alikuwa mwekundu kuanzia shingoni hadi masikioni. Mzee aliyekaa miaka yote hiyo akiupa mgongo ugawaji ili mtu yeyote asije kusema anajipendelea, leo baba yangu amemwekea kidari miguuni, mbele ya timu nzima. Niliona aibu, jamani, aibu ya kutaka kuingia ndani ya friza. Nikamwomba radhi kwa Kiswidi, nikamwambia kwetu ni heshima, si hila. Baba akaona ninavyoinama nikiomba, akaelewa kuna jambo. Akanikatiza.

"Mwambie hivi. Kidari si zawadi. Ni mzigo. Anayekula kidari ndiye anayelaumiwa watu wakigombana. Ndiye anayelisha wageni. Nyumba ikivuja, anaamshwa yeye. Mimi sikumpendelea. Nimemwona anavyobeba hawa wote, nikampa chake."

Hilo nililitafsiri, neno kwa neno. Kiongozi alisikiliza mpaka mwisho akitazama ile nyama. Halafu akasema, "Tunagawa upya."

Wakagawa upya. Wakachanganya, wakapima. Kiongozi akageukia ukuta. "La nani hili?" Jina. "La nani hili?" Jina. Baba alikuwa pembeni yangu, mdomo wazi. "Kwa hiyo hata mtu mjinga anaweza kupata sarara?" Nikamwambia, hata mjinga, baba. "Na mnapatana?" Tunapatana, baba. Akatikisa kichwa muda mrefu. Kura ya msitu haikupigwa jioni ile. Kiongozi aliniambia tu kwamba watakaa, watanijulisha. Nikasubiri ile pumzi. Haikuja.

Njia nzima kurudi Stockholm sikumsemesha baba. Wageni nyuma walilala. Tulipofika karibu na Uppsala nikashindwa kuvumilia, nikasema, "Baba, umenimaliza. Umenimalizia kazi yangu."

"Nilimpa heshima," akasema.

"Heshima ya kwetu, baba."

"Kuna nyingine?"

Nililia nikiendesha. Hasira, si huzuni. Miaka yangu yote ya kukaa kwenye mvua, ya kufundisha watu wasiojua kulia na kushoto, imekwenda kwa sababu ya nyama ya kifua. Baba alitazama dirishani. Baadaye sana akasema, kama anaongea na miti, "Ile ni kazi. Nimeiona. Ni kazi." Na mimi kwa hasira zangu nikaongeza mwendo.

Majuma yaliyofuata simu ilikaa kimya. Mainjinia wa Kista wakaniuliza habari za mwakani, nikawajibu, "Tutaona," nikajisikia nimekuwa mtu wa kaskazini. Baba alikuwa anashinda kituoni Jakobsberg na kofia yake ya chungwa, akiangalia treni zipi anaendesha mkwewe. Siku moja akachoma nyama kwenye roshani ili kunifurahisha. Moshi ukaingia kwa jirani wa juu, jirani akaja kugonga, na baba akamkaribisha akampa mbavu, wakawa marafiki. Huyo ndiye baba yangu. Ukimkasirikia inabidi ujikaze.

Jumapili moja mchana, giza tayari limeshaanza kuingia, maana ilikuwa Novemba, kengele ya mlango ikalia. Binti yangu akaenda kufungua. Yeye amezaliwa hapa, ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, ukimgombeza Kiswahili anakuelewa vizuri sana. Nikamsikia anaongea na mtu, halafu akaniita kwa sauti ya ajabu. Mlangoni alisimama kiongozi wa timu, amevaa suti, ameshika mfuko wa kubebea vitu vya baridi.

Mjukuu wake alikuwa amebatizwa Sundbyberg asubuhi ile. Akavua viatu. Soksi moja ilikuwa na tundu, nikampenda kwa hilo tundu. Nikapika kahawa. Baba alisimama, akamshika mkono kwa mikono yote miwili, wakakaa wakitazamana bila lugha. Yule mzee akazungumzia hali ya hewa. Akazungumzia barabara. Akanywa kahawa, akaongezewa. Nilikuwa karibu kumkaba.

Hatimaye akasema, "Tulikaa. Tuligombana kuliko mwaka wowote. Aliyeanza ni yule aliyepewa shingo."

Nikaweka birika chini.

"Alisema yule mzee wako ni mkorofi," akaendelea, "lakini kuna swali moja ametuachia. Mti ulipopasuka, nani aligombezwa? Wewe. Mgeni alipozama, nani aliamshwa? Wewe. Tunapochoka na watu wa Stockholm, tunampigia nani kelele? Wewe. Miaka yote hii umebeba mzigo bila nyama yake." Akafungua mfuko. "Baada ya ninyi kuondoka tulipiga elgi mwingine. Mafungu ni sawa kwa wote, hilo halibadiliki nikiwa hai. Lakini safari hii kidari tulikitoa pembeni kabla ya kura."

Akakiweka mezani, kizima, kimefungwa kwenye kitambaa cheupe. Akakisogeza kwangu.

Nilidhani kakosea mwelekeo. Nikamwonyesha baba. Akatikisa kichwa, akakisogeza tena mbele yangu.

"Kwa hiyo mwakani?" nikauliza.

Mzee yule akavuta pumzi ndani. Fyu.

"Amekubali," akasema baba kutoka kwenye kiti chake, kabla sijapata nguvu ya kutafsiri.

Nilipiga kigelegele ambacho kilimtoa jirani Mkongo kwake na mfuko wa plastiki mkononi. Nilimkumbatia kiongozi wa timu, akasimama kama nguzo, masikio mekundu. Nikazunguka meza nikamkumbatia binti yangu. Kisha nikasikia baba anauliza, taratibu, "Amesema hicho ni cha nani?"

Ningeweza kusema ni cha nyumba nzima. "Amesema ni changu, baba."

Baba alikitazama kile kitambaa cheupe. Najua alichokuwa anakiona: wazee wote wa ukoo, mmoja mmoja, na mikono iliyopokea kidari kutoka kwake, na hakuna hata mkono mmoja wa binti. Sikumwonea hasira. Nilimhurumia. Akasimama, akaniomba kisu na aproni.

Kidari kikapikwa na ndizi, mume wangu akarudi kutoka kazini, jirani akagoma kuondoka, na kiongozi akakubali kula nasi kabla ya treni yake. Baba alipakua mwenyewe. Kila sahani aliipa ndizi na kipande cha pembeni ya kidari, sawa kwa sawa, akapima kwa macho akarudia. Lakini moyo wa kidari, kile kipande cha katikati chenye mafuta, aliuweka kwenye sahani moja tu. Nikamwona anafikiri. Halafu, mzee wangu wa Rombo, mshika kisu, akageuka, akatupa mgongo, akakabili mlango wa roshani.

"Onyesha," akamwambia binti yangu.

Binti akaelewa. Akanyoosha kidole kwenye sahani ya kwanza, akauliza kwa Kiswidi, "Ya nani hii?"

"Mgeni," akasema baba.

Kiongozi wa timu aliweka kikombe chini. Sahani ya pili. "Jirani." Ya tatu. "Mkwe." Binti alinyoosha kidole kwenye sahani yenye moyo wa kidari. "Ya nani hii?"

Nje giza lilikuwa limejaa, na kioo cha mlango wa roshani kilikuwa kinaonyesha chumba kizima: taa, meza, sahani, kidole cha binti, sote.

"Mama yako," akasema.

Mzee wa kaskazini aliniinamia, akaninong'oneza kwamba wao bandani, pale ukutani, hawana dirisha. Akavuta pumzi, fyu, akaanza kula.

"Baba," nikasema, "uliona kwenye kioo."

"Kwa macho haya?" Akakaa, akavaa kofia yake ya chungwa, akanisogezea sahani. "Ni kura. Kula. Na mwakani wakikulaumu, usinipigie simu."